Mpini Niliomkatia Theopista

Kila asubuhi majembe mawili yaliegemea ukuta wa nyumba yetu. Yalilingana kwa urefu kama mapacha. Moja lilikuwa langu. La pili lilikuwa la Theopista, mke wa mwanangu Josephat.

Majembe yalilingana, lakini sisi wenyewe hatukulingana. Mimi ni mfupi. Naingia mlangoni kwangu bila kuinamisha kichwa, hata nikiwa nimejitwika kapu. Theopista ni mrefu. Kila alipoingia ndani ilimbidi ainame, na akisahau aligonga kichwa.

"Samahani, mlango," alikuwa akisema, huku amejishika paji la uso.

"Mlango umekusamehe," nilimjibu. "Lakini umechoka kugongwa."

Tulicheka hivyo karibu kila siku. Theopista alikuwa mkwe mwema. Aliamka kabla yangu akanipashia maji ya kunawa. Asubuhi za baridi alifunika beseni kwa sahani, ili maji yasipoe kabla sijatoka. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Tulikaa Usevya. Mwaka ulikuwa 1976. Kijiji kilikuwa kimepangwa upya, na kamati ya kijiji iligawa majaruba ya mpunga kule mbugani. Josephat na Theopista walipata jaruba zuri karibu na mfereji. Hilo lilikuwa shamba lao la kwanza.

Mwenyekiti wa kamati alisema mbele ya watu wote: "Tutapita kukagua wiki moja kabla ya Noeli. Jaruba ambalo halijalimwa lote, tutampa mtu mwingine. Wanaongoja ni wengi."

Siku nne kila wiki wanaume walifyatua matofali ya shule. Siku mbili Josephat alilima mahindi kule mlimani. Basi jaruba lilikuwa mikononi mwa Theopista. Mimi nililima jaruba langu dogo pembeni yake. Mtoto wao, Pelagia, alikuwa na miezi minane. Alilala mgongoni kwa mama yake huku mama analima.

Katika ukoo wa mume wangu kulikuwa na desturi. Mke mpya akifika, mama mkwe humpa jembe. Mpini wake hupimwa kwa mkono wa mama mkwe. Unaanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu, halafu unaongeza shibiri moja. Hapo unakata. Maana yake ni hii: mkono wangu sasa ni mkono wako.

Mama mkwe wangu alinikatia hivyo. Alikuwa mfupi kama mimi. Mimi nami nilimkatia Theopista hivyo, kwa furaha kabisa. Niliupaka mpini mafuta mpaka ukang'aa. Sikumtazama Theopista hata mara moja wakati wa kupima. Nilitazama mkono wangu.

*

Mvua za kwanza zililainisha udongo mweusi wa mbugani, tukaanza kulima. Udongo ule unanata. Kila pigo la jembe lazima liwe na nguvu.

Mimi niliinama, nikalima taratibu. Theopista naye aliinama, lakini kwake ilikuwa kuinama kweli. Kichwa chake kilikaribia magoti. Kila baada ya hatua chache alisimama, akashika kiuno kwa mikono miwili, akajinyoosha. Kisha aliinama tena.

Wanawake wa majaruba ya jirani walimwona.

"Theopista!" aliita mmoja. "Umeona nini huko juu? Mvua inakuja?"

"Anahesabu mawingu," alidakia mwingine. "Mwenzenu analima mbinguni."

Walicheka. Theopista naye alicheka, akaendelea kulima. Mimi sikucheka. Niliona aibu. Nilijiambia: kijana wa miaka ishirini na miwili anasimama mara nyingi kuliko mimi mwenye wajukuu. Watu watasema Josephat ameoa mvivu.

Jioni nilimuuliza, "Mwanangu, mbona unasimama simama?"

"Mgongo, mama. Unauma hapa chini."

"Utazoea. Na mimi uliniuma nilipoolewa."

"Uliacha lini kukuuma, mama?"

Niliinuka nikaenda kuchochea moto. Mgongo wangu haukuacha kuniuma. Nilikuwa nimezoea tu kutousema.

Upande wa pili wa mfereji alilima jirani yetu Ng'washi. Yeye na mumewe walihamia kwetu kutoka Usukumani na ng'ombe wao. Ng'washi alikuwa mwanamke mrefu na mchangamfu. Jembe lake lilikuwa na mpini mrefu. Alilima karibu amesimama, na alilima huku anaimba. Kwetu, mtu anayelima amesimama alichekwa.

"Ng'washi!" wanawake walimtania. "Unalima au unachunga ng'ombe na hiyo fimbo?"

"Nachunga mpunga!" alijibu Ng'washi. "Na nyie mnatafuta nini huko chini? Mmeangusha sindano?"

Alikuwa na moyo mzuri. Kila wiki alituletea maziwa kwenye kibuyu, akasema ni ya Pelagia. Lakini kibuyu kilikuwa kikubwa, cha kututosha sote.

Asubuhi moja Ng'washi alikuja na kitu zaidi ya maziwa.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa lugha yao. Mayu ni mama. Kisha akamgeukia Theopista. "Mwanangu, nimekuchongea mpini. Nimeupima kwangu, maana mimi na wewe tunalingana. Utie jembe lako."

Theopista aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Ng'washi alipoondoka, mkwe wangu aliuegemeza mpini ule ukutani, karibu na majembe yetu. Ulisimama kama mtu kati ya watoto. Kisha akaenda kisimani.

Mimi nilibaki nautazama. Niliwafikiria wanawake wa mbugani. Nilisikia vicheko vyao kabla hawajacheka. Nilisema moyoni, nitamwokoa mkwe wangu na aibu hii.

Nikachukua panga. Nikapima kwa mkono wangu: kiwiko mpaka kidole kirefu, na shibiri moja. Nikakata.

Kipande kilichobaki kilikuwa kizuri, kimenyooka. Nikakifanya komeo la mlango wa jikoni.

Theopista aliporudi aliweka ndoo chini. Aliutazama mpini uliokatwa. Alinitazama mimi.

"Nimekurekebishia," nilisema.

"Asante, mama," alijibu.

Alitia jembe lake kwenye mpini ule mfupi, akamfunga Pelagia mgongoni, akaenda shambani. Sikujua wakati ule kwamba "asante" ile ilimgharimu.

*

Siku zilipita. Wiki tatu zilibaki kabla ya ukaguzi, na jaruba lilikuwa limelimwa chini ya nusu.

Kwanza Theopista alishindwa kumbeba Pelagia mgongoni. Alimlaza kivulini juu ya kanga, akawa anakwenda kumtazama. Kisha mikono yake ikatoka malengelenge. Kisha asubuhi moja Josephat alikuja kwangu amekunja uso.

"Mama, Theopista ameshindwa kuamka. Anageuka kwa shida."

Niliingia ndani. Alikuwa amelala ubavu, anatabasamu ili nisiogope.

"Nitaamka tu, mama. Nipe muda kidogo. Jaruba litachukuliwa."

"Acha jaruba. Kwanza pumzika."

"Mama, nisipolilima watasema nini? Na Josephat atalima wapi mwakani?"

Josephat alipasha mafuta ya karanga, akamkanda mgongo. Mimi nilimbeba Pelagia. Mtoto alinyoosha mikono kwa mama yake, na mama yake, aliposhindwa kumpokea, alilia. Hapo moyo wangu uliingia mashaka. Mtu mvivu hulala. Lakini huyu alikuwa analia kwa sababu ya kulala.

Alipumzika siku mbili. Siku ya tatu alisisitiza kwenda shambani, nami nikaenda naye. Alilima amepiga magoti kwenye tope, kwa kuwa hakuweza kuinama.

Ndivyo Bwana Shamba alivyotukuta.

Bwana Shamba wetu aliitwa Enoka. Alikuwa kijana mpole, na alipita vijijini kwa baiskeli. Siku ile alikuja kutuonyesha namna ya kupanda mpunga kwa mistari. Alipofika kwetu, aliiweka baiskeli chini, akavua viatu, akaingia topeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu dada mbona analima kwa magoti? Anasali?"

"Mgongo unamsumbua," nilisema. "Nadhani amezaliwa nao mbovu."

Enoka alimtazama Theopista, akamwomba asimame. Akalitazama jembe lake. Kisha akanitazama mimi na jembe langu.

"Mama, naomba tufanye jaribio. Wewe utanisaidia."

Alifungua mfuko wa baiskeli, akatoa kijembe cha kupalilia bustani za mboga. Mpini wake ulikuwa kama mwiko wa ugali.

"Lima kwa hiki, mama. Hatua kumi tu."

"Unanitania. Hiki ni cha mtoto."

"Hatua kumi tu, mama yangu."

Ng'washi aliacha kuimba, akaja kutazama. Wanawake wengine nao walisogea. Nikaona nisikatae.

Nililima. Ilinibidi nijikunje mpaka pua ikaribie magoti. Sikuona kitu ila vidole vyangu vya miguu. Hatua ya nne kiuno kiliwaka. Hatua ya sita nilisimama, nikashika mgongo kwa mikono miwili, nikajinyoosha.

"Mama Josephat!" waliita wanawake. "Unahesabu mawingu?"

Nilikuwa nimesimama vilevile kama Theopista. Mikono ilikuwa palepale.

Enoka alikuja akanishika mkono ili nitoke topeni. Hakunicheka.

"Umeona, mama? Mpini huu ni mfupi kwako. Na mpini wako ni mfupi kwa Theopista namna hiyohiyo. Wewe umelima hatua sita. Yeye amelima hivyo zaidi ya mwezi mzima."

Nilimrudishia kijembe chake.

"Sasa tulinganishe," alisema Enoka. Akapima hatua kumi kwa Theopista. "Dada, lima polepole kwa jembe lako. Sisi tutahesabu mapigo."

Theopista alilima. Tulihesabu mapigo arobaini na matatu, na alisimama mara tatu. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamdondoka.

"Pumzika kwanza," alisema Enoka. Tukangoja mpaka pumzi zake zikatulia. "Ng'washi, mwazime jembe lako."

Theopista alilishika jembe la Ng'washi. Hatua kumi nyingine, udongo uleule, jua lilelile. Safari hii tulihesabu mapigo ishirini na tisa. Hakusimama hata mara moja. Alipofika mwisho aligeuka kama mtu aliyepita kijiji chake bila kujua.

"Nimemaliza?" aliuliza.

"Umemaliza!" alisema Ng'washi, akapiga makofi.

"Mbona ni mapigo machache?" niliuliza. "Nguvu si zilezile?"

"Nguvu ni zilezile, mama, lakini zinatumika vizuri," alisema Enoka. "Mpini mrefu unalipandisha jembe juu zaidi. Likishuka, uzito wa jembe lenyewe unafanya kazi. Linazama ndani. Kwa mpini mfupi, mtu analisukuma kwa mikono. Tena mgongo wake unabeba kifua, kichwa na mikono saa zote, kama mtu aliyening'iniza gunia shingoni. Nusu ya nguvu inakwisha kwa kuinama tu."

"Na malengelenge?" aliuliza Theopista, akamwonyesha viganja.

"Mpini wako ni mwembamba kwa mkono wako. Ukiwa mwembamba unaukaba sana ili usizunguke. Ukiwa mnene sana nao unateleza. Ukiushika, ncha za vidole zikaribie kufika kwenye kidole gumba. Basi, huo ndio wako."

"Sisi kwetu," nilisema taratibu, "mpini mrefu ni wa mtu asiyetaka kuinama."

"Na kwa nini ainame, mama, kama kazi inakwenda bila kuinama?"

Mmoja wa wanawake, yule wa mawingu, aliutazama mpini wa jembe lake mwenyewe.

Enoka alimwomba Theopista asimame wima. Akalisimamisha jembe lake fupi chini, pembeni yake. Mpini uliishia kwenye paja.

"Mpini wa kulimia ufike hapa," alisema, akaonyesha katikati ya kitovu na kifua. Alivunja tete la mferejini, akapima pengo, kuanzia mwisho wa mpini mpaka pale alipoonyesha. Akalikata tete. "Tazameni. Kinachokosekana ni kipande cha urefu huu tu."

Akanipa lile tete nilishike.

Nililitazama. Urefu ule niliujua. Kila jioni niliushika mkononi. Ulikuwa urefu wa komeo la mlango wangu wa jikoni.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila Theopista, na yeye hakuwa amesema kwa mtu. Hata Josephat hakumwambia, wala Ng'washi alipouliza mpini wake uko wapi. Lakini nilimwona amesimama pale, magoti yake yana tope, nikashindwa kunyamaza.

"Kipande hiki ninacho nyumbani," nilisema. "Ng'washi, ule mpini uliomchongea mkwe wangu niliukata mimi. Kwa panga. Kipande nikafanya komeo."

Ng'washi alishika mdomo. Watu walinitazama. Nilitamani udongo ule laini unimeze.

Theopista ndiye aliyeongea kwanza.

"Mama hakutaka nichekwe," alisema. "Alikuwa ananificha na maneno ya watu."

Nimeishi miaka mingi, na watu wengi wamenitendea mema. Lakini neno lile silisahau. Aliyeumia alikuwa yeye, na aliyetetewa nilikuwa mimi.

Ng'washi aliweka mkono begani kwangu. "Mayu, mti haushonwi kama nguo. Twende tukatafute mwingine."

*

Josephat alipopata habari, hakungoja. Jioni ileile alikata mti mrefu, akautoboa kwa chuma cha moto kama alivyozoea, akachomeka jembe.

Asubuhi Theopista alilima mapigo matano, akasimama.

"Linakwaruza tu," alisema. "Haliingii."

Josephat alijaribu mwenyewe. Jembe lilijikunja kuelekea miguuni kwake na kuchuna udongo wa juu.

"Basi mpini mrefu haufai," alisema, amekasirika.

Zamani ningekubali upesi. Lakini nililikumbuka jaribio.

"Twende kwa Melkior," nilisema.

Melkior alikuwa mhunzi kutoka Ufipa. Alikuwa na kibanda chake karibu na njia ya kanisani. Alilichukua jembe la Josephat, akalitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga ndege.

"Josephat, umeurefusha mpini, lakini tundu umelitoboa kama la mpini mfupi. Mpini mfupi hulala chini wakati wa kupiga. Mpini mrefu hupanda juu, kuelekea mikononi. Kwa hiyo jembe nalo lifunguke kidogo mbele. Tundu litobolewe kwa mshazari mwingine."

"Kumbe," alisema Josephat.

"Kumbe nini? Ungekuja jana."

Melkior alichagua mti wa mkole, kwa kuwa ni mwepesi na hauvunjiki upesi. Hakumpima Josephat, wala hakunipima mimi. Alimwita Theopista. Alimsimamisha, akatia alama kwa mkaa. Alimpa kijiti hiki na kile ashike, mpaka akapata unene uliofaa. Alimwambia aigize kulima hewani, huku amekunja magoti kidogo.

"Unaona nini mbele yako?" alimuuliza.

"Namwona mama, pale mlangoni."

"Vizuri. Ukilima na kuona vidole vyako tu, mpini ni mfupi. Uone mbele."

Kisha alichoma tundu kwa chuma cha moto, akakikwangua kijiti kwa kipande cha chupa mpaka kikawa laini, akakipaka mafuta. Mwisho akalinoa jembe kwa tupa.

"Butu ni uzito wa bure," alisema. "Linoe kila siku mbili."

Zilibaki siku kumi na saba kabla ya ukaguzi.

Enoka alikuwa ametuachia maagizo, nasi tuliyafuata. Siku za kwanza Theopista alilima asubuhi tu. Alibadilisha mikono: mara mkono wa kulia mbele, mara wa kushoto. Kila alipomaliza ngwe moja, yaani kipande alichojipangia, alipumzika na kunywa maji. Kwa palizi tuliambiwa tutumie kijembe chepesi, lakini tuchuchumae au tupige goti, tusiiname. Tena Enoka alisema: "Mimi si mganga. Maumivu yakishuka miguuni, au mguu ukifa ganzi, usingoje. Nendeni zahanati." Namshukuru Mungu, hayakushuka.

Baada ya wiki Theopista alikuwa analima ngwe mbili mahali alipokuwa analima moja. Wanawake hawakumtania sana. Yule wa mawingu alikuja siku moja, akasimama pembeni.

"Theopista, hebu niazime nijaribu."

"Chukua, dada. Lakini wewe ni mfupi kidogo, huo utakuzidi. Nenda kwa Melkior akupime."

Siku ya kumi na tatu nilisikia mtu anaimba mbugani. Nilidhani ni Ng'washi. Nilipoinua kichwa, alikuwa Theopista. Na Pelagia alikuwa mgongoni kwake, amelala fofofo.

Jaruba lilikwisha siku mbili kabla ya ukaguzi. Kamati ilipita. Mwenyekiti alizunguka pembe zote nne, akatafuta mahali pa kulaumu, akakosa.

"Nani amelima hapa?" aliuliza.

"Mke wangu," alisema Josephat.

"Na mama," alisema Theopista.

Ukiacha zile hatua sita za jaribio, mimi sikulima hata pigo moja katika jaruba lile. Lakini aliniweka katika jibu lake, kama alivyofunika maji yangu yasipoe.

*

Baada ya Noeli Theopista alinifuata jikoni.

"Mama, Melkior anakuita."

"Ananiitia nini?"

"Anataka kukupima."

"Mimi? Mimi ni mfupi. Jembe langu linanitosha."

"Mama, hilo si lako. Ni la bibi aliyekukatia."

Nilicheka, nikaenda. Melkior aliniambia mpini wangu ulikuwa mfupi hata kwangu. Alinitengenezea mwingine. Siku ya kwanza nilipolima nao, niliinua macho kati ya pigo na pigo, nikaona mpunga mchanga wa Ng'washi, na mfereji, na Josephat anakuja kwa mbali na chakula. Nimelima mbuga ile miaka thelathini. Sikuwahi kumwona mtu anakuja mpaka afike na kunisalimu.

Mgongo wangu haujapona kabisa. Ulikuwa umeshazoea vibaya. Lakini asubuhi naamka bila kushika ukuta.

Mwaka uliofuata mwanangu wa pili, Gaspar, alichumbia binti wa kijiji cha Kasokola aitwaye Hana. Watu wa ukoo walinikumbusha desturi.

"Katarina, jembe la mkwe. Umeshapima mkono?"

"Bado," niliwajibu.

Niliendelea na desturi. Sikuiacha. Mke mpya bado anapewa jembe na mama mkwe wake, na bado mpini hupakwa mafuta mpaka ung'ae. Lakini Hana alipofika, kabla hajaketi, nilimshika mkono nikampeleka uani. Theopista alikuja na kamba. Nilipanda juu ya kinu, maana Hana naye ni mrefu, na mimi nilitaka kumpima mwenyewe.

Binti wa watu aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mke mpya anavyofundishwa.

"Usiiname," nilimwambia. "Simama wima, mwanangu. Nataka kukupima wewe."